Umepata kazi mupya: utaingia sendika ao hapana?

Kila mara kampani inaandika watu, kisha siku mbili tatu simu inaanza kulia. "Yaya, nimepata kazi. Banasema kule kuko sendika tatu. Niingie ao niache kwanza?" Ikuwe Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Lubumbashi, swali ni lile lile. Na mara mingi nyuma ya ile sauti unasikia ya bibi yake: "Asijitafutie matata, tuko na batoto."

Yule mama hana kosa. Bwana amekaa miaka miwili bila kazi, nyumba ni ya kulipa, na feza ya masomo ya watoto haijapatikana. Njo maana sitaandika hapa kama vile sendika ni dawa ya kila ugonjwa. Niko ndani yake miaka mingi, najua nguvu yake, najua pia mahali inafungwa mikono.

Tuanze na woga, juu mara mingi woga njo unaamua, si sheria.

Code du Travail ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inasema kila mutumikaji anaweza kuingia sendika anayopenda, na kutoka akitaka. Mukubwa wa kazi hana ruhusa ya kukupa kazi kwa sharti uache sendika. Kifungu cha 62 kinasema wazi: kuwa mumemba wa sendika si sababu ya kumufukuza mutu. Ile ni karatasi. Kwenye kazi yenyewe hakuna mukubwa atakayeandika "tunakufukuza juu ya sendika". Ataandika "essai haikuenda muzuri". Ao atangoja kontra yako ifike mwisho, anyamaze tu.

Basi, mbele ya kuuliza sendika gani, soma kontra yako. Iko na essai? Sheria inataka essai iandikwe, na haipite mwezi 1 kwa mutu wa kazi ya mikono asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Katika ule wakati kukuondoa ni mwepesi sana. Mimi nasema hivi, hata kama wenzangu wengine hawapendi niseme: mutu aliye katika essai anaweza kusikiliza, kuuliza, kwenda kwenye mukutano kisha kazi. Kutia sahihi kunaweza kungoja. Sendika inayomusukuma mugeni wa wiki mbili asimame mbele ya wengine haimuwazi yeye, inajiwazia yenyewe.

Kisha, angalia nani anakulipa. Leo wengi wanavaa kasiki yenye jina la kampani kubwa, lakini kontra imetiwa sahihi na kampani ndogo ya sous-traitance. Delege wa kampani kubwa si delege wako, hata mukikula pamoja kwenye kantini. Kama kampani yako haina delege, hakuna mutu ndani ya ofisi ya kusema jina lako. Kule njo sendika inahitajika zaidi, na kule njo ni nguvu kuiingiza.

Nipe mufano. Sheria inasema kontra ya muda haipite miaka 2, na haiwezi kurudiliwa zaidi ya mara 1. Mutu wa kila siku naye, akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, kisha akaandikwa tena mbele ile miezi haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Mimi nimekutana na watu walio kwenye kontra ya ine, ya tano, kampani ile ile, mashini ile ile. Mumoja akienda peke yake ofisini kusema "sheria inasema", kesho kutwa nafasi yake iko na mutu mwingine. Delege akienda, iko tofauti: kumufukuza delege kunaomba kwanza ruhusa ya Inspekteri wa Kazi. Yeye njo mutu anayeweza kusema bila kuhesabu siku zake.

Na kuko mambo madogo ambayo hayaonekani mbele. Dereva mumoja wa ekskavateri alipewa "demande d'explication" juu ya mashini iliyogonga ukuta wa shimo. Akaandika kurasa tatu na hasira yake yote, mpaka na mambo ya posho. Delege angemukalisha, wangeandika mistari sita: breki ilikuwa na tatizo, ripoti ilipelekwa asubuhi, jina la aliyeipokea ni hili. Zile kurasa tatu njo walitumia kumufukuza.

Wazee wetu wa Gécamines wanacheka tukisema sendika. Wakati wa Mobutu kulikuwa moja tu, UNTZa, na ilisema kama Chama. Kisha 1990 sendika zikafunguliwa, zikaota kama majani. Zingine ziko na kashe na prezida tu. Wako na haki ya kucheka. Lakini baba zao wao waliona ingine: tarehe 9 mwezi wa 12, 1941, watumikaji wa Union Minière walikusanyika kwenye uwanja wa mupira wa Elisabethville kuomba mushahara, na askari wakawapiga masasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, alikufa pale. Wakati ule mutu mweusi hakuwa hata na ruhusa ya kuwa na sendika.

Kwa hiyo chagua na macho wazi. Wengine watakuambia: mapatano ya pamoja yanalinda hata asiye mumemba, na kura ya madelege, kila miaka 3, inapigwa na wote, sasa kulipa mchango ni juu ya nini? Ni kweli, kura ni yako hata bila karte. Lakini delege asiye na watu nyuma yake, mukubwa anamuhesabu haraka. Uliza wale waliokutangulia: delege gani anakuja kuwaona ekipe ya usiku? Nani alikwenda hopitali wakati mutu alivunjika muguu? Mchango unakwenda wapi, na nani anasoma hesabu mbele ya watu? Sendika isiyojibu hapa, uiache, hata kama ni kubwa.

Ukiingia, baki na kopi ya ile fomu, pamoja na kontra na bulletin zote za mushahara. Musiziweke kwenye kazi. Ziwekwe nyumbani, mahali mama anajua, juu siku ya aksida yeye njo atakuja kuzitafuta.