Sera ya Nje na Uvumi wa Magazeti (3): Meli Iliyofunga Gati Kilindini

Sehemu mbili zilizopita zilieleza siasa ya kutofungamana na upande wowote, na jinsi suala la Sahara Magharibi lilivyoigawa Afrika. Hayo hayarudiwi. Safari ya Waziri wa Mambo ya Nje Musalia Mudavadi mjini Rabat, Mei 26, 2025, ambako Kenya iliunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara utawala wa ndani, imeamsha tena mnong'ono wa siku nyingi: je, wakubwa wa Nairobi wana kauli moja?

Mnong'ono wa aina hiyo si mgeni Magongo, Mombasa. Huu ni mtaa wa makuli, madereva wa malori na makarani wa kliaringi. Meli ikifunga gati, gazeti huwa la pili kupata habari. Aprili 1965 iliingia bandari yetu ya Kilindini meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, imesheheni silaha. Chanzo chake ni safari ya mwaka 1964, Oginga Odinga na Joseph Murumbi walipokwenda Moscow kutafuta msaada. Meli ilipowasili, Odinga alikuwa Makamu wa Rais, Murumbi Waziri wa Mambo ya Nje, na tetesi zimezagaa kwamba Odinga avuta Mashariki, Rais Mzee Kenyatta na Waziri Tom Mboya wavuta Magharibi.

Serikali haikukiri mvutano wowote. Kenyatta alitangaza tu kwamba silaha zile ni kuukuu, hazilifai jeshi la kisasa. Zikarudi zilikotoka, pamoja na wataalamu 17 wa Kisovieti. Jibu la kibalozi hasa! Ubovu wa bunduki ni jambo la mafundi. Haumlazimu mtu kueleza nani alikubaliana nini na nani. Murumbi alibaki wizarani, ametulia. Lakini mwezi uliofuata malori 11 ya silaha za Kichina, yakielekea Uganda, yalikamatwa karibu na Kisii, na uvumi ukapata kuni mpya. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu.

Murumbi huyo alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu na nyaraka, na hazina yake sasa imo katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Nairobi. Laiti kila waziri angeacha karatasi zake hivyo! Wanaolalamika kwamba waandishi wanazua ndio hao hao wanaofungia mafaili kabatini.

Kuhusu Sahara, nafasi imebaki finyu. Septemba 14, 2022 Rais Ruto aliandika kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Sahara, dola inayodai eneo hilo hilo, kisha maneno yakafutwa. Siku mbili baadaye Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, akaziandikia balozi kwamba msimamo haujabadilika, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje mitandaoni. Sheria ya mwaka 2012 huipeleka mikataba ya kimataifa Bungeni. Tamko la pamoja la mawaziri, kama lile la Rabat, si mkataba, na mbunge wetu wa Changamwe atalisoma gazetini kama makuli wake.