Leo Pasta Atakula Kwetu?

Ninyi mnaongoja chai jikoni, ninyi mlio njiani kwenda shambani, na ninyi mlio wagonjwa kitandani, karibuni tutafakari pamoja kwa dakika chache.

Somo letu la leo linatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa tatu, kifungu cha nne na cha tano. Hapo Mtume Paulo anasema juu ya mtu atakayelisimamia kanisa. Anataka mtu huyo apimwe kwanza nyumbani kwake, ndipo apimwe kanisani. Haulizi kwanza kama anahubiri vizuri. Anauliza watoto wake wanamwonaje.

Nami nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, ili mtu asiseme kwamba mchungaji anarusha mawe kwa jirani.

Mimi ni mchungaji wa Kianglikana hapa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Parishi yangu ina makanisa sita, nami ni mmoja tu. Jumapili napanda pikipiki asubuhi na kurudi jioni. Jumatano niko na Umoja wa Akina Mama. Alhamisi ni kamati ya ujenzi. Ijumaa ni mkesha wa matanga, na Jumamosi ni mazishi, maana ninyi mnajua mazishi ya kwetu Bungoma, hayaishi kabla ya jua kuzama. Kila mtu akinipigia simu, naenda. Watu walinisifu, nami nilipenda kusifiwa.

Mwaka jana, wakati wa palizi ya mahindi, mvua iliharibu barabara, nikalazimika kurudi nyumbani mapema. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka sita, alikuwa mlangoni. Aliponiona alikimbia jikoni akiita, "Mama! Mama! Pasta amekuja! Leo atakula kwetu?"

Mama watoto alicheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Mtoto hakusema "Baba". Aliniita kama watu wa kanisani wanavyoniita. Na kwake yeye, mimi kula nyumbani kwangu lilikuwa jambo la kuulizwa, kama vile mgeni anavyoulizwa.

Majuma mawili baadaye mzee mmoja wa kanisa alinijia, akanisalimu, akazunguka na maneno kama wazee wafanyavyo, kisha akasema, "Pasta, usikasirike. Kijana wako mkubwa hajafika hata siku moja kwenye mafundisho ya kipaimara."

Ndugu zangu, mafundisho yale niliyatangaza mimi mwenyewe, Jumapili tatu mfululizo. Kitabu cha majina kilikuwa mezani pangu. Niliwajua vijana wa watu, na sikujua kwamba jina la mwanangu halimo.

Jioni ile nilimwita. Yuko kidato cha pili, amenipita kwa urefu. Nilimwuliza kwa ukali, "Kwa nini huendi?" Akatazama chini, akanijibu kwa sauti ndogo: "Baba, sikujua kama unataka niende. Hukuniambia. Ulitangaza tu."

Hukuniambia. Ulitangaza tu. Hayo ndiyo mahubiri niliyohubiriwa mwaka jana, na mhubiri alikuwa kijana wa kidato cha pili.

Katika siku zile za kusumbuka moyoni nilikumbuka mambo tuliyofundishwa chuoni juu ya mchungaji mmoja wa zamani, Martin Luther wa Ujerumani, ambaye ndugu zetu Walutheri wanaitwa kwa jina lake. Hapa Kimilili majirani zetu wengi ni Marafiki, Jeshi la Wokovu na Wakatoliki. Walutheri ni wachache. Lakini nyumba ya mchungaji, jinsi tunavyoijua sisi Waprotestanti wote, ina deni kwa nyumba ile. Nieleze kidogo.

Tangu karne ya 12 Kanisa la Magharibi halikutambua ndoa ya kasisi. Kwa hiyo hapakuwa na mke wa kasisi wala watoto wa kasisi waliokubaliwa mbele ya watu. Luther mwenyewe alikuwa mtawa. Mwaka 1525, tarehe 13 Juni, akiwa na miaka 41, alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa na miaka 26. Katharina naye alikuwa mtawa aliyetoroka na wenzake kutoka nyumba ya watawa miaka miwili kabla, katika gari la mfanya biashara wa mji wa Torgau. Wakapewa nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa pale Wittenberg. Wakapata watoto sita.

Na Katharina hakuwa mke wa kukaa tu. Alilima bustani, alifuga ng'ombe na nguruwe, alikuwa na bwawa la samaki, alipika pombe ya nyumbani kama ilivyokuwa desturi ya nchi yao, na aliwalisha wanafunzi waliopanga chumba kwao. Luther alimtania kwa kumwita bwana wake. Akina mama wa Kimilili wanaoamka saa kumi za usiku kukama ng'ombe kabla ya kumwandalia mchungaji wa watu chai, mwamjua mwanamke huyo bila kuambiwa zaidi.

Jioni watu walikusanyika mezani, na Luther alizungumza. Alisema juu ya Mungu, juu ya ndoa, juu ya mbwa wake, juu ya watoto wanaolia. Wanafunzi waliyaandika mazungumzo hayo, yakachapishwa kitabu mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake. Fikirini jambo hilo. Maneno ya mezani yakawa kitabu, kwa sababu baba wa nyumba alikuwako mezani.

Simsifu kama malaika. Mwaka 1543 aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, na mwaka 1984 Shirikisho la Kilutheri Duniani lenyewe likayakataa. Mtu anaweza kuwa baba mwema na kukosa vibaya mahali pengine. Lakini katika jambo la nyumba ana la kutufundisha.

La kwanza ni Katekisimo. Mwaka 1528 Luther alitembelea makanisa ya vijijini, akasikitika. Watu waliitwa Wakristo lakini hawakujua Amri Kumi wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Sehemu zake za kwanza zilichapishwa kwenye karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, kama sisi tunavyobandika kalenda. Na juu ya sehemu zake kuu aliandika kwamba mafundisho haya ni ya mkuu wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno rahisi. Mkazo wake haukuwa juu ya askofu wala mwinjilisti. Ulikuwa juu ya baba na mama. Ndani yake aliweka sala ya asubuhi, sala ya jioni, na sala ya kula.

Sisi tumegeuza jambo hilo. Mzazi humleta mtoto kwa mchungaji na kusema, "Mfundishe." Mchungaji naye humleta wake kwa nani? Nilikuwa nimemwachia wangu mzee wa kanisa, bila hata kumwomba.

La pili ni barua. Mwaka 1530 Luther alikaa miezi mingi katika ngome ya Coburg, mbali na nyumbani, kwa sababu ya mashauri makubwa ya kanisa yaliyofanyika Augsburg. Ilikuwa kazi ya kweli, wala sio uvivu. Lakini katikati ya kazi hiyo alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, akamweleza kwa maneno ya kitoto juu ya bustani nzuri ambamo watoto wanaosali na kujifunza hucheza. Katharina naye alimpelekea picha ya binti yao mdogo, Magdalena, na baba akaiweka ukutani.

Basi asiniambie mtu kwamba kazi ya Mungu ni nyingi. Luther alikuwa na kazi nyingi kuliko mimi na wewe. Wewe dereva wa lori la miwa, wewe askari uliyepelekwa mbali, wewe mwalimu unayefundisha Turkana na jamaa yako iko Misikhu, huwezi kuwa nyumbani kila siku. Lakini unaweza kumwambia mtoto neno ambalo ni lake peke yake. Siku hizi hata barua haihitajiki. Simu iko mfukoni. Tunaituma pesa ya karo kwa simu, na neno hatutumi.

La tatu ni huzuni. Magdalena yule wa kwenye picha alifariki Septemba 1542, akiwa na miaka 13. Luther alikuwa kando ya kitanda. Alipiga magoti, akalia, akaomba, na mtoto alifia mikononi mwake. Yeye aliyewazika watoto wa wengine hakuona haya kumlilia wake.

Hapa kwetu Kenya nasi tuna nyumba ya namna hiyo, na inatuhusu Waanglikana na Walutheri pamoja. Mwaka 1844 alifika Mombasa mchungaji Johann Ludwig Krapf. Alikuwa Mlutheri kutoka Ujerumani, lakini aliyemtuma ni Chama cha Misioni cha Kianglikana, C.M.S. Alikuja na mkewe, Rosine. Katika safari zao za upande wa Habeshi walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja. Julai mwaka ule Rosine alijifungua binti, na siku chache baadaye mama akafa kwa homa, na mtoto pia. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Ameandika kwamba mkewe aliomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao waone kaburi na kukumbuka kilichowaleta.

Nimewahi kuhubiri juu ya Krapf mara nyingi. Nilikuwa nikisema, "Tazameni, aliacha yote kwa ajili ya Injili." Mwaka jana nilitambua kwamba sikusema kweli yote. Krapf hakumwacha Rosine. Rosine alipofariki, mumewe alijua haja ya moyo wake wa mwisho, maana alikuwa karibu naye akimsikia. Mimi, ambaye sina homa wala bahari ya kuvuka, je, mama watoto akiulizwa haja ya moyo wake leo, ningeijua?

Wapenzi, Mungu huita watu kwenye kazi ngumu, na wengine wamelipa kwa makaburi. Lakini tusiipe uzembe wetu jina la msalaba. Makaburi ya Krapf yaliletwa na homa. Nyumba yangu mimi ilikuwa inapoa kwa sababu nilipenda kuitwa kila mahali isipokuwa nyumbani. Kuhani Eli alilitumikia hekalu la Shilo miaka mingi, na wana wake walipotelea mlangoni mwa hekalu hilohilo. Eli aliwakemea, ndiyo, lakini alichelewa.

Tumefanya nini basi nyumbani kwetu? Mambo madogo. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba jioni ya Jumatatu na jioni ya Alhamisi nakula kwangu, na kamati imesogezwa mchana. Walinung'unika kidogo, kisha mmoja akasema, "Pasta, hata sisi tutafaidika. Wake zetu nao wanatungoja." Siku hizo simu yangu naiweka juu ya kabati. Tunakula ugali na mboga, au kuku akipatikana, halafu kila mmoja hueleza jambo moja la siku yake, hata mimi. Kisha tunasoma kifungu kifupi, na mtoto mmoja anaomba.

Jumatatu ya kwanza ilikuwa ngumu. Tulikaa kama watu waliokutana katika matatu, kila mtu akitazama sahani yake. Jumatatu ya pili kijana wangu alieleza kwamba hesabu zinamshinda. Nilitaka kumhutubia. Mama watoto aliniangalia, nikanyamaza, nikasikiliza. Alieleza mpaka mboga ikapoa.

Sitawadanganya kwamba yote yamenyooka. Kijana huyo bado hajapokea kipaimara. Nilimwomba, safari hii kwa jina lake na uso kwa uso, akasema anataka kwanza kuniuliza maswali. Basi tunaulizana. Mengine siyawezi, nami namwambia kwamba siyawezi. Na yule mdogo mara nyingine bado huniita Pasta. Lakini swali lake limebadilika. Sasa Jumatatu huuliza, "Leo tunakula nini?" Haulizi tena kama nitakuwapo.

Msikilizaji mpenzi, labda wewe si mchungaji. Labda ni mwimbaji wa kwaya, mweka hazina wa kanisa, au mama wa Umoja anayekwenda semina kila juma. Jioni ya leo, kabla ya kulala, jiulize jambo moja. Lile ninalolitangaza kwa watu wengi, je, nimemwambia mtoto wangu, kwa jina lake? Kama bado, usingoje Jumapili. Yuko jikoni hapo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, wewe unayetujua kila mmoja kwa jina, utusamehe sisi tuliowajua watu wa mbali na kuwasahau wa mezani. Warudishe baba na mama nyumbani kwao. Uwafariji wajane, yatima, na wote wanaokula peke yao usiku wa leo. Uwe nao mezani. Utufundishe kusema na watoto wetu, na kunyamaza wanaposema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki, na mbaki na amani.