Fahamu Muziki wa Asili Unavyojengwa kwa Mikono ya Wengi

Na Mwandishi Wetu, Ilongero

Mwananchi wa Ilongero, wilayani Singida, anaposikiliza zeze, marimba na ngoma vikipigwa kwa pamoja, husikia wimbo mmoja. Hata hivyo, wimbo huo haumo mikononi mwa mpigaji yeyote peke yake. Kila mmoja hushika sehemu fupi ambayo, ikitengwa na nyingine, huweza kuonekana haina maana. Kwa sababu hiyo, kuuhifadhi muziki wa namna hii kunahitaji utaratibu wa pekee.

Sehemu hizo huunganishwa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, chombo kimoja hurudia mpigo uleule kama msingi, na vingine hutembea juu yake. Katika njia ya pili, wapigaji hupishana: mmoja hupiga pale mwenzake anapoacha nafasi, na sikio huunganisha sauti zao kuwa wimbo ambao hakuna aliyeupiga mzima.

Kwa majirani zetu Wagogo wa Dodoma, kupishana huko huweza kufanywa hata na mtu mmoja. Mpigaji wa marimba ya mkononi, iitwayo ilimba, hugawa sauti kati ya vidole gumba viwili. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki dunia mwaka 2003, aliufikisha muziki huo katika majukwaa ya kimataifa, akiwa pia miongoni mwa wasanii waliojenga jina la Bagamoyo katika sanaa.

Nchini Uganda, amadinda ya Buganda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wawili huketi wakitazamana na kupishana kwa kasi. Wa tatu, kwa vibao viwili vya juu kabisa, huchomoza wimbo uliojificha ndani ya mapigo yao. Mmoja akikosekana, muziki huo haukamiliki.

Athari ya jambo hilo ilionekana mwaka 1966, kasri ya Kabaka iliposhambuliwa na wanamuziki wake kutawanyika. Vyombo vingeweza kuchongwa upya, lakini kuwakusanya watu wanaojua sehemu zinazokamilishana ni kazi ngumu zaidi. Walimu kama Evaristo Muyinda, aliyepiga muziki katika kasri hiyo, walisaidia kuufundisha kwa vizazi vilivyofuata.

Fundisho kwa jamii zetu ni kwamba kumrekodi mzee mmoja hakutoshi. Inafaa kundi lirekodiwe likipiga pamoja, kisha kila mpigaji apige sehemu yake peke yake huku akieleza anamsikiliza nani ili aanze. Vijana nao wafundishwe sehemu zaidi ya moja, ili kifo au kuhama kwa mtu mmoja kusinyamazishe kundi zima.

Wananchi wanakumbushwa pia kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi. Anayezitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini ya mamlaka husika, na chanzo chake kitajwe. Rekodi yenye maelezo ya mahali, tarehe na wapigaji huisaidia jamii kuonyesha kuwa muziki huo ni wake.

Ngoma iliyopoteza chombo hupata kingine sokoni. Iliyopoteza mpigaji wa mwisho wa sehemu moja haina pa kuinunua.