Jina hujaandika, lakini bosi anakujua

Linki imeingia kwenye kundi la WhatsApp la kazini: tupe maoni yako, umeridhika na kazi? Jina halihitajiki. Swali la kwanza linataka idara yako. La pili umri, la tatu jinsia, la nne miaka uliyofanya kazi hapo. Sasa kama idara ina watu sita na msichana wa chini ya miaka 25 ni wewe peke yako, jina la nini tena?

Fomu hizi zina mizizi. Baada ya mikataba ya utendakazi kuanza serikalini mwaka 2004, kuridhika kwa wafanyakazi kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo taasisi za umma zilipimwa nayo. Ile ngazi ya 1 hadi 5 ni ya zamani zaidi: ilibuniwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932.

Tatizo ni namba 3. Mwenye hofu huweka 3 mwanzo hadi mwisho, meneja anapiga wastani, anasema kumetulia. Na kibarua anayelipwa kwa siku pale Changamwe, mara nyingi hiyo fomu hata haioni.

Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa karibu wiki mbili, wakikutana uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Walitaka mishahara bora na marupurupu ya nyumba. Hapo hapakuwa na haja ya kupiga wastani.

Usisusie fomu, lakini jaza kwa akili. Uliza kwanza nani anayakusanya majibu, na kama matokeo ya kikundi kidogo yatatolewa peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zitatumika vipi. Kwenye nafasi ya maoni, "mazingira ni mabaya" haimsaidii mtu. Andika kwamba zamu inaisha usiku wa manane na matatu za Kisauni zishaadimika. Hilo mtu anaweza kulirekebisha. (Chunga lafudhi pia. Ukiandika kama unavyoongea, watakutambua kwa mstari mmoja.)

Kisha umuulize mwakilishi wa chama cha wafanyakazi: yale majibu ya mwaka jana, yalisomwa na nani, na yalibadilisha nini?