Mimba ya Kaskazi, Uchungu wa Kusi

Huku kwetu Faza, mwanamke akiingia mwezi wa nne wa mimba huambiwa, "Sasa umepumua." Kichefuchefu kimekata, harufu ya samaki haimtoi tena jikoni, na tumbo halijawa la kumzuia kuinama wala kupanda boti. Watu hawakosei, hii ndiyo miezi mitamu. Ila ndiyo miezi ambayo mimi huwasumbua sana wanawake wa mtaa wangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Natembea na mkoba wenye mashine ya presha, mizani, kipimajoto na utepe wa kupimia mkono, na nikibisha hodi kwa mama wa miezi mitano, baada ya salamu huuliza: "Mwanangu, utazaa upepo gani?"

Mgeni hucheka. Mwenyeji wa kisiwa cha Pate hacheki. Hospitali tunayo hapahapa Faza, lakini mambo yakiwa makubwa mama hupelekwa King Fahd, mjini Lamu, na njia ya kwenda huko ni bahari. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, bahari huwa na adabu. Kusi likishaingia Aprili, na zaidi Juni hadi Agosti, hata nahodha mzoefu hutazama mawingu kwanza kabla ya kukujibu.

Basi tupige hesabu. Wengi wetu huhesabu hedhi kwa mwezi mwandamo, wala sioni ubaya wake. Kliniki huhesabu siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho; kwa miezi mwandamo ni tisa na nusu. Chukua mama aliyeona damu yake ya mwisho ulipoandama mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 2025. Hiyo ilikuwa mwisho wa Agosti. Miezi yake ya kati, wiki ya 14 hadi ya 27, ilianza Desemba na kuishia mwanzo wa Machi: kaskazi tupu. Siku yake ya kuzaa huangukia mwanzo wa Juni, katikati ya mfunguo tatu, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja. Juni ni kusi. Na katikati ya mwezi mwandamo ni bamvua, siku ambazo maji yetu hukauka saa nne au saa tano, mchana na usiku, na boti iliyochelewa kuupita mfereji wa Mkanda hukaa kwenye tope ikingoja maji yajae. Mama kama huyu alipewa miezi mitatu ya bahari nzuri kuyamaliza mambo ya kliniki yanayompeleka Lamu. Akiitumia yote kupumua, ya Lamu yatamngoja kwenye kusi.

Kubwa kati ya hayo ni picha ya tumbo, ile ultrasaundi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apigwe walau moja kabla ya wiki ya 24. Wengi hudhani ni ya kujua kama ni mume au mke. Kazi yake hasa ni kuthibitisha umri wa mimba, kwa kuwa baadaye makadirio huwa mapana zaidi. Kuona kama ni pacha. Na kuona kondo la nyuma limekaa wapi. Likionekana limekaa chini kwenye wiki ya 20, usianze kulia. Mara nyingi hupanda kadiri mji wa mimba unavyokua, lakini lazima urudi kutazamwa tena. Asiyejua kwamba kondo lake limeziba njia ndiye anayeshtukia damu usiku, maji yamekauka.

Sasa mwili wenyewe. Mji wa mimba hutoka kwenye nyonga karibu na wiki ya 12, ndiyo maana kukimbilia choo hupungua kwa muda, na kwenye wiki ya 20 hufika kitovuni. Kano zinazoushikilia huvutika. Ukiinuka ghafla mkekani au ukijigeuza kitandani utasikia kichomi ubavuni mwa tumbo, mara nyingi upande wa kulia. Mama zetu husema ni chango na kutafuta mizizi ya kuchemsha. Dawa yake ni kuinuka taratibu, ukilalia ubavu kwanza. Mizizi iache; nyingi haijulikani inamfanyia nini mtoto. Maumivu yanayokuja na kwenda kwa vipindi, au yenye damu au homa, hayo si ya kano, ni ya hospitali.

Linalonichukulia maneno mengi zaidi ni damu. Ndani ya miezi hii maji ya damu huongezeka sana, hata damu yote ya mama ikazidi ile ya kabla ya mimba kwa karibu nusu. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini hazifuati mwendo huo, kwa hiyo kipimo hushuka. Wanawake hapa huulizana kama wanaume wanavyoulizana matokeo ya mpira: "Damu yako ngapi?" Katika miezi ya kati, chini ya 10.5 ni upungufu. Muuguzi atakupa kidonge chenye chuma na foliki, kimoja kila siku, na hapo ndipo vita vyangu vinapoanza. Choo huwa cheusi. Tumbo hufunga. Mama huona weusi ule, akaogopa, akatia vidonge nyuma ya kabati la vyombo. Mwanangu, weusi huo ni chuma kilichobaki, hauna madhara. Kwa choo kigumu kunywa maji, kula papai na mchicha, tembea jioni; na kidonge kikikuchafua moyo, kimeze usiku ukienda kulala. Ila usikimeze na chai. Chai ya rangi, hiyo tunayokunywa na kila kitu, hukizuia chuma kisiingie mwilini. Iache saa moja au mbili mbali na kidonge, na ukamulie ndimu kwenye samaki wako, ndimu hukisaidia.

Kuna na udongo. Tunafichana, lakini midomo myeupe naiona. Watafiti waliofanya kazi na wajawazito wa Kilifi miaka ya 1990 walikuta zaidi ya nusu wanakula udongo, na wanaokula walikuwa na chuma kidogo zaidi mwilini. Sikuja kumwaibisha mtu. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na damu ndogo, na udongo wenyewe unaweza kuleta mayai ya minyoo na madini ya sumu. Ukijiona unautafuna, niambie, twende tukapime damu.

Samaki kula, tena sana. Changu, tasi, dagaa, ngisi, vyote ni protini na mafuta mazuri ya ubongo wa mtoto. Ninayemkataza ni papa, mbichi au mkavu, pamoja na nduwaro. Hawa hula wenzao miaka mingi na zebaki hujilimbikiza katika nyama zao, na zebaki hufika kwa mtoto. Najua papa mkavu wa nazi ni chakula cha heshima hapa. Atakuwepo baada ya kunyonyesha. Zebaki hiyohiyo imo katika baadhi ya krimu za kung'arisha uso, zinazokimbiliwa pale madoa meusi yanapotokea mashavuni. Madoa hayo, na ule mstari mweusi unaoshuka kitovuni, ni kazi ya homoni. Hufifia baada ya kuzaa. Hakuna aliyekuroga, na krimu itupe. Hina tia ukitaka, lakini piko iliyochanganywa na rangi ya nywele inaweza kuchoma ngozi.

Presha ya mama kwa kawaida hushuka kidogo katika miezi hii, kwa sababu mishipa hulegea. Ndiyo maana ukitoka kwenye sijda ukasimama mara moja dunia huzunguka. Sali umekaa kitini. Dini ni nyepesi kuliko tunavyoifanya. Na hili ndilo jibu langu wakija kuniuliza Ramadhani, kama ilivyoangukia Februari 2026, katikati ya mimba nyingi za kaskazi. Sheria imempa mjamzito ruhusa ya kula akijihofia au akimhofia mtoto, na namna ya kulipa ataulizwa sheikh. Mwenye damu ndogo, kisukari au presha simshauri kabisa kufunga. Aliyeshikilia kufunga nimemwambia hivi: ukisikia kizunguzungu, mkojo ukawa mweusi kama chai, au mtoto akapunguza kucheza, fungua, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi.

Kucheza huko, kwa mimba ya mwanambee, wengi hukusikia kati ya wiki ya 18 na ya 20. Aliyewahi kuzaa hukutambua mapema zaidi. Mwanzoni ni kama samaki aliyejipiga mkia ndani ya ndoo. Mama mmoja aliniambia ni gesi, akasisitiza ni gesi kwa wiki nzima, mpaka gesi ikampiga teke mbele ya mama mkwe. Ukifika wiki ya 24 bila kusikia chochote, nenda kliniki. Karibu na wakati huo mtoto anaanza kusikia sauti, nami huwaambia waume wanaolala baharini siku nyingi: ukirudi, zungumza karibu na tumbo la mkeo. Wanaona haya, lakini wanafanya.

Na waume wana maswali yao, huyatuma kwa mdomo wa wake zao. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto ikiwa hakuna damu, maji hayajavuja na kondo halijakaa chini. Bodaboda kutoka gati ya Mtangawanda? Kwa njia ile ya mchanga, kuanguka ndiko kunakonitisha, kuliko mtikiso. Dereva unayemjua, mwendo wa pole, abiria mmoja. Kukandwa mgongo na miguu kwa mafuta ya nazi ni raha na sina neno. Kukandwa tumbo kwa nguvu, ati kumweka mtoto sawa, sitaki kusikia. Mama yangu alikuwa mkunga wa mtaa, na mkono wake juu ya tumbo ulikuwa wa kusikiliza tu. Akiona jambo halimwelei, alimwita mwenye mashua.

Ambalo halikumwelea zaidi ya yote ni presha ya mimba. Baada ya wiki ya 20 presha ile iliyoshuka inaweza kupanda bila taarifa, protini ikatoka kwenye mkojo, na mama akafika kwenye degedege, kile kifafa cha mimba. Miguu kuvimba kidogo jioni, hasa joto la Machi, ni kawaida. Uso na mikono kuvimba hadi pete haitoki, kichwa kuuma bila kutulia, macho kuona vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu: mojawapo likikupata usingoje asubuhi. Pwani yetu degedege hili limeitwa jini katika nyumba nyingi, na saa zikapotea kumngoja wa kusoma. Kisomo kinaweza kusomwa ndani ya boti. Na aliyewahi kuipata katika mimba iliyopita amwambie muuguzi mapema, kwa sababu ipo dozi ndogo ya aspirini ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 20. Asijinunulie dukani, apewe na anayejua historia yake.

Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane mwaka 2016. Hapa bado nakutana na mama anayekwenda mara ya kwanza mwezi wa saba, kijitabu cha mama na mtoto kikiwa kipya kabisa. Kipimo cha kisukari cha mimba, wiki ya 24 hadi 28, kimeanza kumponyoka. Chandarua simkumbushi tena, mbu wanamkumbusha.

Limebaki la pesa na la chombo. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka na SHA imeingia. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Kwa mvuvi, fedha hiyo hupatikana kaskazi, bahari ikiwa wazi. Kusi wengi hushinda wakishona nyavu. Kwa hiyo jisajili na ulipe ukiwa mwezi wa tano, huku mume ana cha kutoa mfukoni.

Chombo nacho hivyohivyo. Nawaomba mume na mke wakae na mwenye boti mchana, wakubaliane nauli ya usiku, wajue siku za bamvua za mwezi ule wa kuzaa, na kama maji yatakuwa mabaya, mama ahamie kwa jamaa Lamu wiki mbili kabla. Wataje ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Waandike na simu ya mwenye boti wa pili, maana wa kwanza usiku huo anaweza kuwa yuko Kizingitini kufuata kamba. Kisha wanunue dumu moja la petroli, waliweke kivulini mbali na jiko, na mume aape mbele ya mkewe kwamba halitaguswa hata bei ya ngisi ipande vipi.