Nembo za Kitambaa za Askari wa Vita, na Jinsi ya Kuzipambanua

Miongoni mwa vitu walivyorudi navyo wazee wetu kutoka Vita Kuu ya Pili, yaani vita ya 1939 hata 1945, hakuna kilichodharauliwa kama kile kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa begani. Medali ilifungwa katika leso ikawekwa sandukuni. Koti la sufu likavaliwa hata likaisha. Bali nembo ya begani ilibanduliwa, pengine akapewa mtoto kuchezea. Siku hizi mambo yamegeuka. Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaovitafuta vipande hivi na kuvinunua kwa fedha nyingi, na penye fedha nyingi hapakosi mghushi. Kwa kuwa walimu na makasisi ndio wanaoletewa vitu vya namna hii na kuulizwa kama ni vya kweli, nimeona yafaa kuandika machache niliyojifunza, pamoja na kosa moja nililolifanya mwenyewe.

Kwanza habari ya maneno. Askari wenyewe aghalabu hawakusema nembo; walisema beji, na zile alama za cheo zilizokunjwa mfano wa pembe mkononi waliziita tepe. Askari wa Wajerumani kabla ya 1918 walikuwa na ombasha na shaushi, maneno yenye asili ya Kituruki yaliyofika kwetu pamoja na askari wa Kisudani. Basi mzee akisema, "Babu yangu alikuwa shaushi," msikilizaji aelekeze fikira zake kwanza kwenye vita ya 1914, asikimbilie ile ya pili. Tena kuna neno kifaru. Kijana wa leo akisikia askari alivaa "beji ya kifaru," hudhani alikuwa mwendeshaji wa lile gari la chuma lenye mzinga, kumbe anayesemwa ni mnyama mwenyewe wa porini.

Maana kifaru ndiye aliyekuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na nchi jirani, wengi wao wakiwa wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Walikaa kisiwani Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 wakaingia Burma wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na homa, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndugu zao wa Afrika Magharibi, Divisheni ya 81, walivaa buibui mweusi juu ya rangi ya manjano, naye ni yule Ananse wa hadithi za Waakan, ambaye kwa ujanja wake ni kama sungura wa hadithi zetu.

Sababu ya kutumia picha badala ya namba ni kwamba namba humwambia adui kila kitu, bali picha humtambulisha mtu kwa wenzake tu. Desturi hii Waingereza waliianza katika vita ya kwanza. Na kwa upande wa Wamarekani, Divisheni yao ya 81 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuvaa alama begani, picha ya paka wa mwitu, mwaka 1918. Mara nyingine alama yenyewe hutaja wakati wake. Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa msalaba wenye ncha zilizopindwa, alama ya kale ya wenyeji wa nchi ile, hata Wanazi wakaichafua; na mwaka 1939 ikawekwa mahali pake picha ya ndege wa radi.

Sasa nije kwenye kupambanua. Twaambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika biashara hii kibaya hutembezwa pamoja na hadithi ndefu. Mchuuzi akianza kwa hadithi, mwombe kwa adabu akuachie kitu chenyewe, nawe ukigeuze uangalie mgongo wake kabla ya uso, kwa maana mghushi hutia bidii yake yote usoni. Nembo nyingi za wakati ule zilitariziwa kwa uzi wa pamba au sufu juu ya kitambaa cha pamba au sufu, nyingine zikafumwa, na kwa Waingereza nyingi zikapigwa chapa juu ya pamba ili kupunguza gharama katika shida za vita. Kwa hiyo mtu asiikatae nembo kwa sababu ni ya chapa na yaonekana hafifu. Wala asiikatae kwa kuwa haifanani sawasawa na nyingine: askari walishonewa pia na mafundi wa madukani, Misri, India na kwingineko, na kila fundi alikuwa na mkono wake.

Liko jambo ambalo halina udhuru, nalo ni uzi usiokuwapo. Polyesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, lakini haikuenea katika nguo ila baada ya vita. Ukichukua kipande kidogo kabisa cha uzi uliolegea mgongoni, kwa idhini ya mwenyewe, ukakikaribisha motoni, pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu mepesi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Bali polyesta huyeyuka na kujikunja kuwa tone gumu. Tone hilo likionekana, hadithi imekwisha. Lakini lisipoonekana hujathibitisha neno, kwa kuwa pamba ipo hata leo na mghushi aweza kuinunua. Kadhalika ukingo mnene uliozungushiwa uzi pande zote, katika nembo za Kimarekani, ulienea miaka ya 1960. Zile za vita kwa kawaida zilikatwa tu ukingoni.

Uchakavu nao una lugha yake. Mghushi huichovya nembo katika chai au kahawa, nayo ikawa na rangi ya udongo iliyo sawa pande zote, mbele na nyuma. Jua halifanyi hivyo. Jua hufifisha uso tu, na mgongo ukabaki na rangi yake ya kwanza. Jasho huacha duara. Sindano huacha matundu kandokando. Na kama vazi lenyewe lipo, bora zaidi, kwa sababu mahali nembo iliposhonwa kwa miaka mingi kitambaa hakikupigwa na jua, na ukiibandua waona kivuli chenye umbo lake.

Kuna tena taa ya miali iliyo ng'ambo ya urujuani, isiyoonekana kwa macho, nayo yapatikana leo kwa bei ndogo. Viwanda vya nguo na sabuni hutia dawa ya kung'arisha weupe, ambayo ilienea baada ya vita. Chini ya taa hii dawa hiyo humeta kwa rangi ya samawati. Vitabu vingi vya wakusanyaji husema kwamba nembo imetayo ni bandia. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Yapata miaka kumi na mitano sasa, mjane mmoja wa kijiji cha jirani alimtuma mwanawe kwangu na nembo ya kifaru ya marehemu mumewe. Alitaka iwekwe katika kabati la kumbukumbu shuleni, na jina la mumewe lisomwe pamoja na majina mengine Jumapili ya kuwakumbuka askari. Nami kama ilivyo desturi yangu niliichora pembezoni kwa kalamu katika daftari, nikatia na matundu ya sindano, kisha nikawasha taa. Nyuzi nyeupe za mgongoni zikameta. Nikasema ni bandia, na jina sikuliandika. Siku ya pili mama yule alikuja mwenyewe kwa miguu, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, mume wangu hakuwa mwongo." Nilimjibu kwa upole, lakini sikubadili hukumu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwake kwa msiba, nikaliona shati la kijeshi la marehemu likiwa limekunjwa sandukuni. Nikauliza kama liliwahi kufuliwa. Mjukuu akajibu kwamba bibi hulifua kila Pasaka, shati na beji yake, kwa sabuni ya unga ya dukani. Nililibeba hadi nyumbani nikaliwekea taa: shati zima lilimeta, hata mshono wa bega. Na begani palikuwa na kivuli, nacho nilipokilinganisha na mchoro wa daftari langu, umbo lilikuwa lilelile, na matundu yakakutana na matundu moja kwa moja.

Kwa hiyo taa iwashwe, lakini kwanza iulizwe sabuni. Pia iulizwe karatasi: hati ya kuachishwa jeshi, picha, barua. Nembo haina jina la mtu, na pasipo vitu hivyo hata iliyo ya kweli kabisa haiwezi kusema ilivaliwa na nani. Ikishapokelewa isifuliwe tena wala isigandishwe kwa gundi, ila ilazwe mahali pakavu pasipo mwanga, na ile ya sufu ilindwe na nondo.

Nilirudi kwa mama yule kuomba radhi na kuiomba nembo. Alikuwa amekwisha kuiuza kwa mchuuzi aliyepita, kwa thamani ya kilo mbili za sukari, kwa kuwa mwalimu alikuwa amesema haina maana. Jina la mumewe sasa limeandikwa na husomwa kila Novemba. Katika kabati tumeweka shati, na kando yake ule mchoro wa kalamu.