Weka Tunda, Si Juisi

Kila msee akishanunua blenda, swali ya kwanza ni moja: juisi inakaa siku ngapi kwa friji? Jibu ni fupi na haibambi. Siku mbili. Tatu ukijikaza, na hapo ni ka uliosha kila kitu fiti na friji yako inapiga baridi ya ukweli, digrii 4 kushuka. Hizo stori za "mi huweka wiki mzima na haifanyi kitu" ni za jaba. Ile ya supamaketi inamaliza miezi kwa rafu juu ilipikwa, kila kadudu ndani ikadedi, alafu ikafungwa bila hewa. Yako haijaona moto. Ulikata, ukasaga, ukachuja, ukamwaga kwa jagi, na vile unafunga mlango ya friji ishaanza safari ya kuchacha.

Form yangu ni hii, na nitaitetea mbele ya yeyote: juisi ni ya kunywa, tunda ndo ya kuweka. Unanunua wakati msimu imefurika na bei imelala, unasaga nzito bila tone ya maji, unagandisha. Siku ya kiu unatoa kiasi, unaongeza maji, imeisha hiyo. Msee mwenye ameweka jagi ya lita mbili, nusu yake maji, amekodishia maji ya mfereji nafasi kwa friji yake, na bado keshokutwa anamwaga.

Sasa soko. Ka uko Nairobi na unataka ya kujaza friza, achana na supamaketi, huko unalipia taa na sakafu ya kung'aa. Enda Marikiti, yenye kwa makaratasi inaitwa Wakulima Market, hapo Haile Selassie. Hiyo place inaamka kabla ya jogoo za mtaa. Saa kumi na moja asubuhi malori zishamwaga mzigo, mikokoteni inakuja nyuma yako na miluzi, na ka ulivaa raba nyeupe hiyo ni shida yako. Bei ni ya ndoo na kreti, si ya moja moja, so mnachanga na mbogi ya ploti, mnagawana nyumbani. Ka kuamka ni ngori, kuna njia ingine: Githurai ama Kangemi jioni, wakati mathe wa matunda hataki kulala na mzigo. Zile zimeiva kupitiliza, zenye hakuna mtu anataka kubeba kwa mfuko, hizo ndo za blenda.

"Mathe, hizi si zimelala?"

"Zimeiva, kijana yangu. Mwenye amelala ni wewe, ungekuja saa nne."

Na yuko sawa. Laini si kuoza. Ngozi ya pasheni ikikunjana ka ya shosho, hapo ndo sukari iko juu, yenye inang'aa bado ni kali. Yenye iko na ukungu ama inanuka pombe, hiyo rudisha kwa meza, na usidanganyike utakata upande mbaya ubaki na mzuri. Ukungu huingia ndani penye macho haifiki.

Na pasheni ndo mfalme, acha niseme wazi. Iko na asidi mob, na asidi ndo silaha ya juisi yoyote: vidudu mingi haziwezani nayo, so hata ikichujwa inavumilia kuliko zingine. Unapasua, unakokota nyama na kijiko, unaweka kwa blenda, alafu hapa ndo wasee wengi huharibu. Usiiwashe ukaenda kuchati. Gonga mara mbili tatu, fupi fupi, mbegu iachane na nyama bila kuvunjika. Zikisagika juisi inakuwa na vidoti nyeusi na ka-uchungu ka ajabu. Chuja, mwaga kwa trei ya barafu, gandisha, zikishika unazihamisha kwa mkebe. Vipande vitatu vinne kwa glasi ya maji baridi na uko juu ya mawe. Kikombe moja ya hiyo nzito huku kwangu inavumilia maji vikombe vitatu, na wageni hawateti.

Embe ni ya kupangia mapema. Msimu kubwa ya Makueni, Machakos na Embu inafunguka Desemba hivi hadi Machi, na hapo katikati bei inaanguka hadi unaonea mkulima huruma. Ngowe, ile ndefu ya Pwani yenye ndani ni rangi ya machungwa, ndo ya juisi. Dodo ni tamu lakini nyuzi zake utazitoa kwa meno hadi Alhamisi. Chunga zenye ziko njano kila mahali sare sare na ukikata ndani ni ngumu na chachu: hizo ziliharakishwa na kabaidi. Menya, toa kokwa, saga bila maji, kamulia ndimu. Ndimu si mapambo. Inashusha makali ya hewa juu ya rangi, so embe haigeuki kahawia, na inaongeza asidi kwa tunda yenye yake ni ya wastani. Jaza mikebe ya aiskrimu (kila keja ya Kenya iko nazo, na hakuna ata moja iko na aiskrimu) lakini acha nafasi ya kidole juu. Maji ikiganda inafura karibu asilimia 9, na mkebe yenye imejaa hadi shingo itapasuka usiku ikuamshe.

Friza ya ukweli, yenye inafika digrii 18 chini ya sifuri, itakuwekea hiyo embe hadi msimu ingine ibishe hodi. Lakini wacha tuseme ukweli wa bedsita: wengi wetu tuko na kafriji kadogo na kale kachumba ka barafu juu, kenye mlango yake ilivunjika. Hako hakafiki hiyo baridi. Hesabu wiki chache, si miezi, na usijaze mpaka hewa ikose kupita.

Chungwa haihitaji drama. Ile kijani ya Tanzania, ya Muheza huko Tanga, watu huikataa wakidhani haijaiva. Kumbe rangi ni ya hali ya hewa tu. Chungwa hugeuka njano juu ya usiku yenye baridi, na huko chini joto hailali. Ndani ni maji tupu na tamu. Kamua na mkono, kunywa. Ukiisaga na blenda unavunja mbegu na ile ngozi nyeupe, na ukiiweka usiku mmoja kesho ni uchungu.

Nanasi nayo iko na tabia. Ndani yake kuna kimeng'enya inakula protini, ndo ile inakuwasha ulimi ukidishi mob. Ukichanganya nanasi mbichi na maziwa ama yoghati ukaweka kwa friji, ukirudi ni uchungu na imekatikakatika. Papai inafanya mchezo kama hiyo. Mkitaka hiyo mchanganyiko, changanyeni na mnywe hapo hapo. Maganda usitupe. Osha kabla ya kumenya, chemsha na tangawizi na mdalasini nusu saa, chuja, na uko na kinywaji ingine ya bure kabisa. Moto ishaua ile kimeng'enya, so hii haikuumizi mdomo.

Alafu kuna zile hazitaki friza wala plani. Tikiti maji asidi yake ni kidogo sana, vidudu zinaipenda, na ukiiacha inajigawa, maji chini na povu juu. Hiyo ni ya saa hii. Parachichi pia. Juisi ya miwa, ile ya mashine ya barabarani na tangawizi na ndimu, hiyo kunywa ukiangalia mashine. Masaa machache tu ishageuka rangi, na msee mwenye anakubebea ya chupa ilikamuliwa asubuhi hakupendi.

Hapa kwa maji nitakaa kidogo, juu hapa ndo watu hulala hospitali. Tunda haina ubaya wa kwake, ubaya unatoka nje. Kisu ikipita kwa ganda chafu inaingiza uchafu hadi ndani, so ata tikiti, ata nanasi, ata kitu yenye ganda unatupa, inaoshwa kwanza, alafu mikono, alafu kisu. Maji ya kuongeza inachemshwa ama inawekwa dawa, bila mjadala. Nusu ya mtaa inakunywa ya mtungi yenye haijulikani ilitoka bomba gani, na kipindupindu yenye ililipuka Kenya Oktoba 2022 ilienda hadi mwaka uliofuata. Na barafu! Wasee wanachemsha maji ya juisi alafu wanadunga barafu ya maji mbichi. Kuganda haiui vidudu. Inazilaza tu, na ikiyeyuka zinaamka na njaa.

Ukishamaliza kusaga, fungua blenda chini kabisa. Toa kile kisu, toa ule mpira mweusi wa duara. Ka hujawahi toa huo mpira tangu ununue hiyo mashine, jikaze, usiangalie ukiwa umekula. Embe ya Krismasi iko hapo. Kila juisi mpya unaipitisha kwa hiyo makaburi, alafu unashangaa mbona yako inachacha mbio kuliko ya jirani.

Ka lazima uweke juisi yenyewe, labda una wageni kesho, basi weka kwa glasi. Chupa ya jemu ama ya mayonezi iliyochemshwa ni poa, ile ya plastiki ya soda shingo yake ni nyembamba na huwezi iosha ndani vizuri. Hapa sheria inageuka: ya friza unaacha nafasi, ya friji unajaza hadi ukingo, juu hewa ndo inakula vitamini C na rangi. Sukari usiweke bado. Weka nyuma kabisa ya friji, si mlangoni, mlango inafunguliwa na kila mtu kila dakika. Ukikuta kifuniko imefura na ukifungua inapiga "pssss", yisti imefika kabla yako, inageuza sukari kuwa pombe na gesi. Kuna beshte atakuambia hiyo ni waini ya bure. Wazee wa Mlima Kenya hutengeneza muratina kwa makusudi na wanajua kenye wanafanya. Yako ni ajali. Mwaga.

Stima ikipotea, mkono mbali na mlango. Friji yenye imefungwa inashikilia baridi kama masaa manne, na friza yenye imejaa inaweza maliza siku mbili ka hakuna mtu anachungulia. Tuliona hii mambo Agosti 2023, giza nchi karibu nzima, na wenye walipona ni wale waliacha friza pekee yake. Kitu bado iko na barafu ndani, rudisha. Kitu imekuwa maji ya uvuguvugu, hiyo ishaenda.

Na ka huna friji kabisa? Hapo ukwaju ni beshte yako. Inanunuliwa kavu, inakaa kwa kabati miezi, na siku unataka unaloweka kwa maji moto, unasugua, unachuja, unachemsha na sukari kidogo na iliki. Watu wa Pwani wamekunywa hiyo na mabuyu kitambo kabla blenda izaliwe. Njia ingine ni kupika: pasheni nzito na sukari kiasi sawa kwa sufuria, moto ya wastani, ichemke dakika kadhaa, mwaga ikiwa moto kwa chupa moto. Inakuwa sirapu. Ile harufu ya pasheni mbichi inapungua, siwezi kukudanganya, lakini sukari mingi na asidi vinakaza, na ukiweka mahali baridi inakuvukisha wiki kadhaa. Ikitoa povu ama ukungu, kwaheri.

Sukari yenyewe nitapita nayo mbio juu hakuna mtu anataka kuskia. Glasi moja ya juisi ya chungwa, bila kuongeza kitu, iko na sukari gramu ishirini na kitu, na Shirika la Afya Duniani linahesabu hiyo pamoja na ya kijiko. Ndo maana mi huongeza maji bila aibu. Na usimpe mtoto wa brathe yako glasi tatu ukisema ni matunda. Mpe embe aitafune.

Ukianza kufikiria kuuza, kaa chini kwanza. Kanjo watataka cheti ya afya ya mtu wa chakula, na mteja moja akiendesha tumbo jina yako imezunguka ploti yote kabla jioni. Anza na keja.

Na kwa keja: karatasi ya gundi na kalamu. Andika tunda gani na tarehe gani, juu baada ya mwezi embe na boga zinafanana kwa barafu na hutataka kujua tofauti kwa glasi. Ka mnaishi wasee watatu, ongeza jina. Mkebe bila jina kwa friji ya kushare ni mali ya umma, na hiyo kesi hakuna chifu ataiskiza.